Kitabu cha Ivy

Vermont, Machi 14

Kaka Orrin,

Mwenyekiti wa kamati ya elimu alituambia waandishi jana kwamba mswada utapigiwa kura Jumanne. Ukipita, kila anayemfundisha mtoto nyumbani atatakiwa kuwa na cheti cha ualimu. Dada Lorna, anayemfundisha bintiye Ivy, hana. Unajua aliacha shule amuuguze mama, sisi wawili tukaendelea kusoma.

Miti imeanza kutoa utomvu wake wa sukari. Jumamosi niliwakuta wote wawili wakiuchemsha kibandani uwe sharubati nzito, mvuke mtamu umetanda, nyuso zao zikija na kupotea kama ndotoni. Ivy, sasa ana miaka tisa, alinisomea kitabu kizima bila kukwama.

"Mama mdogo, mbona unalia?"

"Ni mvuke, mwanangu."

"Mvuke gani!" Lorna alicheka. "Hebu waite hao wenye vyeti vyao waje wasikie!"

Nikampa Ivy gazeti lenye habari niliyoiandika. Alilitazama muda mrefu, akanirudishia kwa adabu.

"Hili mama hajanisomea bado."

Lorna aliganda, mwiko mkononi. Povu likapanda, likamwagika motoni.

Nilipokuwa naondoka alinisindikiza hadi kwenye gari. Alikuwa ameniomba tangu wiki iliyopita niwe shahidi wake mbele ya kamati, nami nikaomba gazeti limtume mwingine kuripoti kikao hicho.

"Bado unanitaka?" nikamuuliza.

"Njoo," alisema. "Useme ulichoona. Chote."

Natoa ushahidi Jumanne, saa tatu na nusu asubuhi. Kura ni saa nne.

Mdogo wako,
Maeve