Nafasi Yetu Imepatikana, Durdana

Gulgasht,
Multan.
26 Januari 2019

Mpendwa mdogo wangu Durdana,

Assalaamu alaykum. U hali gani huko Winnipeg? Magoti yako je? Na shemeji, kile kikohozi kimemwachia? Anoosha alinionyesha kwenye simu theluji iliyofika dirishani kwenu, nikajikuta navuta blanketi ilhali nimekaa juani hapa darini. Nakuomba usitoke bila viatu vile vizito. Wewe tangu utotoni ulikuwa ukiambiwa kuna baridi ndipo unapovua soksi.

Sisi tu wazima. Kwangu mimi moyo umechoka. Daktari siku hizi hazungumzi nami habari za miaka, anazungumzia chumvi tu, nami nimemwelewa. Nalala nimeegemea mito mitatu na ngazi ya dari napandishwa kama bibi arusi. Lakini usianze kulia, maana nakuandikia kwa furaha. Ukiona mwandiko unatetemeka, ujue leo ni furaha kwanza, ugonjwa baadaye.

Uliniomba nyimbo za harusi za Mama, ili Anoosha, mjukuu wako, aolewe mwezi wa tatu kwa nyimbo za kwao na si kwa kelele za spika. Tangu Desemba ninazirekodi kwenye kompyuta, kwa ile maikrofoni nzuri ya mwanangu Tauqeer. Wimbo mmoja kwa siku, kisha nalala hadi alasiri. Nikishauimba ndio basi, pumzi ya kuurudia sina. Kwa hiyo kila uliorekodiwa nauhesabu kama mtoto aliyevuka barabara salama.

Jumatatu nilikuwa katikati ya wimbo wa hina, ule wa kuwatania mashemeji, mara kompyuta ikanyamaza na kuandika kwamba diski imejaa. Nusu ya wimbo ikaponea ndani, nusu ikaenda na upepo. Nililia, Durdana, nakwambia kweli. Zilikuwa zimebaki nyimbo mbili tu.

Simu yangu yenyewe ilishajaa siku nyingi. Simu ya Samreen, mke wa Tauqeer wangu, hunasa sufuria ya presha iliyoko jikoni vizuri kuliko inavyoninasa mimi niliye mbele yake. Tauqeer akasema, “Mama, usijali, mwezi ujao nanunua diski nyingine.” Mwezi ujao ni mali ya vijana. Mimi nilikuwa naitaka Jumanne.

Kwa hasira nikamgeukia Samreen.

“Ni hizo tamthilia zako. Wakwe wanalia, wake wenza wanalia, mpaka diski imejaa machozi.”

“Mama, mimi natazama mtandaoni tu. Sijahifadhi hata moja.”

“Basi aliyeijaza ni nani? Paka?”

“Paka hajui neno la siri,” akajibu, akashuka zake jikoni, na vifuniko vya sufuria tukavisikia hadi darini.

Siku hiyo na ya pili yake tulikula kimya. Tauqeer, akitaka amani, akaja na wazo lake. Eti tufute filamu ya harusi yake, maana ni kubwa na hakuna anayeitazama. Wewe unaijua filamu ile. Ni humo peke yake ambamo Mama bado anatembea. Amejificha nyuma ya nguzo anakula sohan halwa, na kisukari chake kile, kisha anajifuta mdomo kwa ncha ya shela ya bibi arusi, ambaye ndiye Samreen huyu huyu! Nikamwambia, “Yaani nimfute Mama ili nipate pa kuweka nyimbo za Mama?” Akaenda zake kazini. Lakini nilijua kwamba nikikosa njia nyingine nitalazimika kuchagua, na jambo hilo lilinikaba kifua kuliko ugonjwa.

Jumatano asubuhi nikamwita Samreen. Sikumwomba radhi, nilimwambia tupime. Nimefundisha fizikia maisha yangu yote, na kitu kikipotea cha kwanza ni kupima. Tukayachagua mafolda yote yanayoonekana, ya picha, ya filamu, ya hesabu za Tauqeer, ya nyimbo zangu, tukaiuliza kompyuta uzito wake kwa jumla. Hayakufika hata nusu ya diski! Diski inalia imejaa, na vilivyomo havijai nusu.

Samreen akasahau kwamba ameninunia. Akavuta kiti. “Mama, humu mna mtu anakaa bila kulipa kodi!”

Ungetuona, Durdana. Mkwe na mkaza mwana, vichwa vimegusana mbele ya kioo kama wezi. Tukafungua pipa la taka, tupu. Tukafagia mafaili ya muda ambayo kompyuta hujiwekea yenyewe, ikapatikana nafasi ya kiganja. Moyo wangu ulikuwa ukidunda hadi Samreen akaniuliza kama nimekunywa dawa. Nikamwambia aache dawa, aendelee. Ndipo alipoingia kwenye mipangilio na kuiamuru kompyuta ionyeshe hata vitu vilivyofichwa.

Folda moja ikajitokeza, imefifia kama nguo iliyofuliwa sana. Jina lake, Karatasi Tukufu. Akaipima. Nusu iliyopotea yote ilikuwa humo.

Samreen akanitazama. Mimi nikatazama ukuta.

“Mama, hii ni ya nani?”

“Jina lake zuri,” nikasema.

“Mama!”

Haya, nakiri kwako kama nilivyokiri kwake, maana sitaki kuingia kaburini na kesi niliyombambikia mtu mwingine. Ni mimi. Unamkumbuka Qudsia, aliyekuwa akifundisha kemia, chumba cha walimu hakikaliki kwa maneno yake? Tangu apate simu hunitumia salamu kila alfajiri. Maua na aya, taa na aya, video ya msikiti yenye kasida, na Ijumaa ndiyo usiseme, hutuma hadi simu inapata joto. Na wenzetu wengine wa shule wanamfuata nyuma. Nami sikuweza kufuta kitu chenye jina la Mwenyezi Mungu. Wewe na mimi tulilelewa hivyo. Karatasi yenye jina lake haiendi jaani, inaingia kwenye yale masanduku ya kijani ya kwenye nguzo, ikazikwe au ishushwe mtoni. Kwenye simu nguzo iko wapi? Nikajitengenezea sanduku langu ndani ya kompyuta, na kwa kuwa watoto hutazamia humo filamu za watu wanaokata viuno, nikalificha kwa heshima.

Lililobaki ni aibu tupu. Kila simu ilipojaa niliichomeka, na kila nilipoichomeka kompyuta ilinakili vyote upya, vya zamani na vipya. Ua moja la Qudsia tumelikuta mara nyingi kuliko maua ya bustani nzima ya shule. Nami nilidhani kilichofichwa hakishiki nafasi! Mimi, niliyewachapa watoto wa watu kwa kushindwa kusema kwamba maada hushika nafasi.

Samreen alicheka hadi akakaa chini sakafuni. “Wakwe wanalia, eh? Machozi yamejaa diski, eh? Kumbe ni dua!” Alinirudishia kila neno, na kila neno nilistahili. Nikamwomba radhi, naye akanibusu kichwani akisema ameisamehe kesi, ila hataisahau mpaka wajukuu wake waisikie.

Lakini kuona nafasi si kuipata. Alipotaka kufuta nilimshika mkono. Vyote hivyo kwenye pipa la taka? Hapana. Akasema basi tuvihamishie kwenye flashi tukaitumbukize kwenye sanduku la nguzoni, nikamwambia flashi ya ukubwa huo ni bei ya diski yenyewe. Alhamisi nzima ilitupita hivyo, nami pumzi yangu naisikia inapungua, na nyimbo mbili bado ziko kifuani.

Jioni alikuja na chai, akauliza kama mzaha, “Mama, mlipokuwa wadogo mliandikia nini?”

“Takhti. Ubao wetu wa kuandikia.”

“Na mlianza na neno gani?”

“Bismillahi.”

“Na kesho yake mlipotaka kuandika tena?”

Nikakiweka kikombe chini, Durdana. Tuliosha! Mimi na wewe kwenye ukingo wa mfereji, tunaosha jina la Mungu kwa mikono yetu, maji yanakwenda zake safi, tunapaka udongo mpya, tunasubiri ubao ukauke. Hakuna aliyetuambia ni dhambi. Kuosha si kutupa.

Nikatia udhu. Samreen naye, bila kuambiwa, akatia udhu. Akanionyesha namna ya kufuta ambayo kitu hakipiti kwenye pipa la taka, kinaondoka moja kwa moja. Nilibakiza kimoja tu, dua aliyoisema Qudsia kwa sauti yake siku niliyofiwa na mume wangu. Kisha nikataja jina lake aliye juu, nikabonyeza. Umeme ukakatika! Samreen akapiga ukelele, mimi nikadhani nimejibiwa. Kumbe betri ya akiba ilishika, kompyuta ikaendelea kuosha taratibu, na ule mstari mwekundu unaoonyesha diski imejaa ukarudi nyuma, ukarudi nyuma, ukageuka buluu. Tauqeer alitukuta tunapiga makofi gizani.

Jana Ijumaa nikauimba wimbo wa hina upya, mzima. Sauti ilinikatikia mara mbili, Samreen akaidaka na kuipeleka mbele huku akipiga kijiko kwenye ubavu wa ngoma. Msiukate kipande hicho, ndicho kitamu. Filamu ya harusi iko palepale, Mama na halwa yake.

Umebaki mmoja, ule wa kumuaga bibi arusi mlangoni, na hapa nakiri la pili. Nilikwambia nazijua zote. Huu naujua ubeti wa kwanza na wa tatu. Wa kati umenitoka, nimeutafuta hata usingizini. Mama aliuimba siku ulipoolewa wewe, akiwa amekushika kichwa kifuani kwake, na ni wewe uliyekuwa karibu. Mimi nilikuwa nagombana na wapagazi wa masanduku yako. Uimbe, Durdana, umtumie Samreen kwa simu. Usijali sauti. Nimekwisha kuimba ubeti wangu wa kwanza, kisha nikaiacha maikrofoni ikirekodi kimya kitakachotosha ubeti mmoja, ndipo nikaimba wa tatu. Samreen ataupachika wako hapo katikati, niwe nipo au sipo. Nafasi ipo tele.

Nisalimie shemeji, mbusu Anoosha macho yote mawili, na mama yake mwambie asile chakula cha barafu. Tauqeer na Samreen wanakuamkia. Mungu akulinde na utelezi na upweke wa huko, akupe pumzi ndefu, na aijalie nyumba atakayoingia Anoosha iwe ya kicheko.

Dada yako anayekupenda na kukusikiliza,
Rakhshanda