Koti Kwenye Kiti cha Maktaba

Tarehe 4 Julai

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute unaamka bila yale maumivu ya mgongo, na Mzee wako anaendelea vizuri na mkono wake ulioshikwa na kiharusi. Huku tu wazima. Yule mdogo, Pilipili, ana kikohozi kidogo, lakini hakimzuii kusema kuanzia anapofungua macho.

Shule zimefungwa jana. Wiki tisa, mama. Bosi (ndivyo tunavyomwita mkubwa siku hizi, tangu afikishe miaka tisa hakuna asiyeamrishwa humu ndani) amekata karatasi tisa akazibandika ukutani juu ya kitanda chao. Mimi kila nikipita nazihesabu upya. Yule mama wa jirani aliyekuwa akinishikia watoto tangu mama yao atutoke amehamia kwa mwanawe. Na kiwandani kwetu huu ndio msimu, hoteli zimejaa, mashuka yanaingia malori kwa malori. Msimamizi ametuambia sisi madobi kwamba hakuna ruhusa mpaka Septemba, hata anayetaka kufa aombe kwa maandishi.

Lakini usinihurumie bado. Maktaba ya mtaani wametoa orodha ya mambo ya bure kwa familia likizo nzima. Jumatatu hadithi, Jumanne kuchora bustanini, Jumatano makumbusho, Alhamisi bwawa la kuogelea, Ijumaa zimamoto wanavalisha watoto kofia zao. Nimeisoma hiyo orodha kama mwanafunzi wa mtihani. Tatizo ni mstari mmoja tu pale chini: kila mtoto wa chini ya miaka kumi na miwili awe na mtu mzima muda wote.

Mama, njoo. Wiki tisa tu. Kitanda changu utalala wewe, mimi nitalala sebuleni.

Mwanao

*

Tarehe 10 Julai

Mwanangu,

Marahaba, baba. Mgongo ni ule ule, tumeshazoeana. Huyo mwenye kikohozi mpe maji ya moto yenye asali, na umfunge mdomo kwa muda.

Barua yako nimeisoma nimesimama, ndipo nikakaa. Siwezi kuja. Mzee sasa hageuki kitandani bila mimi, na kijiko hakifiki mdomoni bila mimi. Maneno yamekwisha kabisa, ananiangalia tu. Nikienda hata kisimani kwa jirani nikirudi namkuta anatokwa na machozi. Nitamwachia nani?

Wewe walete wasichana. Chumba chako cha zamani kipo, nimeshaanza kukifagia. Hapa kuna uwanja, kuna kuku, kuna mimi. Wala usijisumbue kuhusu chakula chao. Waje wapumzike, na wewe ufanye kazi roho yako ikiwa imetulia. Ni likizo tu, mwanangu.

Mama yako

*

Tarehe 16 Julai

Mama,

Shikamoo. Nashukuru kwa habari za nyumbani, na pole kwa kumuuguza Mzee. Najua si mchezo.

Kuhusu wasichana, hapana. Usikasirike. Chumba unachokiita changu nililala humo mpaka miaka minane. Mwaka ule ulipoolewa na Mzee ulinifungia begi ukanipeleka kwa Mama Mkubwa ukaniambia ni likizo tu. Niliondoka pale kwa Mama Mkubwa nina miaka kumi na nane, ndevu zimeanza. Sikulaumu, tulishayazungumza, au tuseme tulishanyamaza vya kutosha. Ila neno hilo wanangu sitaki walisikie.

Na isitoshe, nimepata njia. Usicheke. Nawapeleka saa tatu shughuli inapoanza, nasaini daftari, jina la mzazi, saa ya kuingia. Naketi nao mkekani, magoti yananifika masikioni, naimba na mimi nyimbo za chura. Mtu wa maktaba akishazama kwenye hadithi yake, navua koti langu, nalitundika kwenye kiti karibu na Bosi, natoka kama naenda msalani. Kiwandani nimebadilishana na mwenzangu, naingia saa nne kasoro. Mchana nakimbia nakuta Bosi ameshamvusha mdogo wake mpaka bustanini wanakula mkate. Anayeuliza, Bosi anaonyesha koti: baba yuko hapa hapa. Yaani mama, koti langu limehudhuria mambo mengi likizo hii kuliko mimi. Limeona makumbusho yote.

Wamefurahi, nakuapia. Pilipili amegusa mfupa wa nyangumi. Jana amenisimulia mpaka nimesinzia na kijiko mkononi.

Mwanao

*

Tarehe 21 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Nimecheka habari za koti, halafu kicheko kikanikauka. Wewe ni mtu mzima, unalea watoto kwa kutundika nguo? Siku mtu akiliuliza hilo koti swali, litajibu nini?

Ya Mama Mkubwa umeyaandika, nami nimeyasoma. Leo sina nguvu ya kuyajibu. Mzee amekuwa na usiku mbaya.

Nakuomba kitu kimoja. Penye maji usiwaache. Maktaba sawa, hadithi haizamishi mtu. Bwawa hapana. Alhamisi sema wanaumwa, wakae ndani, wachore, wapigane, lolote. Niahidi.

Chumba nimekifagia hata hivyo.

Mama yako

*

Tarehe 2 Agosti

Mama,

Shikamoo. Sijui nianzie wapi.

Barua yako niliipata Ijumaa. Alhamisi ilikuwa imeshapita.

Kwanza nikwambie wako hai wote wawili. Soma hapo mara mbili ndipo uendelee. Walikuwa upande wa kina kifupi, koti langu kwenye benchi. Pilipili aliona watoto wakubwa wanaruka kule mwisho, naye akaenda kuruka. Bosi alimfuata bila kuwaza, na Bosi mwenyewe hajui kuogelea. Mwokoaji aliwatoa wote wawili kwa mkono mmoja mmoja. Pilipili alitapika maji, akalia, akauliza kama zamu yake imekwisha. Bosi walimfunika taulo. Walipomuuliza baba yuko wapi akaonyesha benchi. Walingoja. Wakatuma mtu msalani. Akaendelea kuonyesha benchi, mama. Nusu saa nzima, mtoto wa miaka tisa anatetemeka ndani ya taulo la watu, anaonyesha benchi.

Koti likajibu, kama ulivyosema. Sisi madobi nguo zetu zote tunazishonea alama ndani ya kola, zisichanganyike na za wateja: namba ya mtu na jina la kiwanda. Niliishona mwenyewe. Saa sita mchana nilikuwa kwenye mashine ya pasi, nikamwona msimamizi anakuja na mwanamke mwenye jalada, na koti langu limekunjwa mkononi mwake.

Ni afisa wa ustawi wa watoto. Hakunifokea, ningefurahi angenifokea. Ameandika kila kitu. Amesema kuanzia siku hiyo mpaka shule zifunguliwe, wakionekana tena bila mtu mzima, hata dakika kumi, hata ndani ya nyumba, atawachukua, na kuwarudisha kutaamuliwa na baraza, si na mimi. Atakuwa anapita bila kupiga hodi. Msimamizi naye amenipa siku tatu, basi. Zaidi ya hapo nisirudi, na kwa kuwa nyumba hii ni ya kiwanda, tutatoka.

Nimegonga kila mlango wa jengo hili. Mmoja anafanya kazi, mwingine anaumwa, wa tatu alinisikiliza mpaka mwisho akaniambia pole. Nimekwama, mama. Sina pa kushika.

Nataka kukuuliza kitu, na nakuomba unijibu kwa barua hii inayokuja, si nyingine. Kwa nini hukuja kunichukua? Lazima nijue kabla sijafanya ninalofikiria kufanya.

Mwanao

*

Tarehe 10 Agosti

Mama,

Shikamoo. Wiki nzima nashuka kuangalia sanduku la barua asubuhi na jioni. Kimya. Labda Mzee amezidiwa, labda nimekuudhi. Sina muda wa kungoja tena.

Siku tatu za ruhusa zilipokwisha nilijifanya mgonjwa siku mbili. Halafu nikawaficha wasichana kiwandani, kwenye stoo ya mashuka safi, nikawaambia wasikohoe. Pilipili kunyamaza kwa saa sita nzima. Alinyamaza. Hilo ndilo lililonivunja, kuliko hata bwawa. Msimamizi aliwakuta leo alasiri, akafunga mlango polepole akaniambia kesho nije peke yangu au nisije.

Muuguzi wa ghorofa ya pili anasafiri kesho alfajiri kuja huko kwenu. Wanakuja naye. Barua hii anayo yeye, kwa hiyo ukiisoma wameshafika, wako mbele yako. Bosi ana chakula cha njiani. Pilipili asikae dirishani, anatapika.

Nimewafungia begi. Bosi alikaa kitandani akiniangalia, akaniuliza, ni kwa muda gani? Nikamwambia ni likizo tu. Mama, nilikaa miaka yote hii nikijiuliza uliwezaje kulisema neno lile usoni pangu, kumbe linatoka lenyewe. Nilitoka nje nikasimama kwenye ngazi, ndipo nikarudi kuwakatia mkate wa njiani.

Usinijibu swali langu. Nimeshalijua.

Mwanao

*

Tarehe 16 Agosti

Mwanangu, baba yangu,

Marahaba. Wamefika salama. Pilipili alitapika mara moja, kwenye viatu vya muuguzi. Tangu hapo amemaliza kuwapa kuku wote majina, na jogoo amepewa jina la msimamizi wako.

Barua yako ya tarehe mbili niliipata. Niliiweka chini ya mto siku sita. Sikujibu kwa sababu majibu yote niliyoandika yalikuwa ya kujitetea, nikayachana.

Bosi hanisumbui kwa lolote, na hilo ndilo linaloniua. Ahsante Bibi, ndiyo Bibi, nimeshiba Bibi. Kila asubuhi anakunja nguo zake anazirudisha ndani ya begi. Juzi nilikuwa namlisha Mzee, akaja akasimama mlangoni, akaniuliza: Bibi, baba alikaa siku ngapi kwa Mama Mkubwa ndipo akajua si likizo? Hakuniuliza kwa hasira. Alitaka hesabu tu, apate kujipima. Kumbe ulimsimulia, au alikusikia. Kijiko kilinidondoka.

Hujalijua jibu, mwanangu. Hata mimi nilikuwa silijui mpaka juzi. Unafikiri siku moja nilikaa nikaamua nisije kukuchukua. Hakuna siku kama hiyo. Likizo ile ilipokwisha Mzee alisema mwache kidogo tuzoeane kwanza. Nikasema haya, muhula mmoja. Muhula ulipokwisha ulikuwa wa tatu darasani, Mama Mkubwa akasema usimkatishe. Nikasema haya. Mwaka wa pili nilikuwa na mimba iliyoharibika. Mwaka wa tatu nilikuja mpaka kwenye lango, nikakuona unamwita Mama Mkubwa "Mama", ukamwita kwa kumdekea. Niligeuka. Sikukuacha kwa mara moja, nilikuacha muhula kwa muhula, na kila muhula ulikuwa na sababu nzuri. Nilimwogopa mume wangu, halafu nikakuogopa wewe. Nimekosa. Sikuwahi kukwambia, nakwambia sasa nikiwa na miaka sitini na nne. Nimekosa, mwanangu.

Na nikuambie lingine la aibu. Wiki hii mwalimu mkuu wa hapa alipita, akaniambia nafasi zipo, wasichana waanze hapa Septemba. Nilifurahi. Nilishaanza kuwaza sare. Nilikuwa naanza tena, mwanangu, ule ule mwendo, kidogo kidogo, na sababu nzuri mkononi.

Kwa hiyo siwaachi wafike Septemba hapa. Nawaleta mwenyewe, nami nabaki nao. Zimebaki wiki tatu kasoro. Huyo afisa apite bila hodi atanikuta mlangoni. Hiyo orodha yako iweke mezani, nitakwenda nao kote, maktabani, makumbusho, zimamoto, nitakaa mkekani na mgongo wangu huu na kuimba chura. Bwawani pia tutakwenda, na nitaingia majini na nguo zangu ikibidi, Pilipili afundishwe kuogelea kabla hajatuua sote.

Wifi yangu, dada yake Mzee, amekuja jana kumuuguza. Ni mtu mzuri lakini mikono yake si mikono yangu, na Mzee analijua hilo. Daktari ameniambia kiharusi cha pili kinaweza kuja wakati wowote, na kwamba yeye asingesafiri kama angekuwa mimi. Nimemweleza Mzee yote, kwamba ninakwenda kwako na kwa nini. Anasikia vizuri, ni kusema tu ndiko kulikokwisha. Alinishika mkono wa gauni na ule mkono wake mzima, akakaza. Nilingoja aachie, hakuachia. Nimevifungua vidole vyake kimoja kimoja, vyote vitano, nikatoka chumbani kuja kukuandikia. Amelia mpaka nje nimemsikia. Huenda nisimkute nikirudi.

Barua hii naituma na dereva wa asubuhi ili itutangulie. Sisi tunapanda basi la Jumanne, tutaingia hapo kama saa kumi jioni. Omba ruhusa, ukinyimwa njoo hivyo hivyo. Bosi hajala chakula cha kueleweka tangu afike, na ameniambia atakula akishakuona.

Mama yako