Taa ya gari la pasta

Jumanne, 12 Machi 2013

Na mimi nilifunga, mjinga mimi! Siku tatu kanisa letu la Nakivale limefunga na kuombea ile taa ya injini inayowaka kwenye gari la pasta. Leo, Mbarara, fundi amechomeka mashine yake chini ya usukani, akasoma namba, akacheka.

"Injini iko sawa. Ni hewa ya petroli inavuja kwa tangi. Kifuniko iko wapi?"

Kifuniko nilikisahau juu ya gari wiki jana, tulipojaza mafuta Biharwe. Fasi yake nikatia gunzi la mahindi, nikanyamaza. Sasa nikaona udereva wangu umekwisha.

Pasta, aliyesimama kando yangu, akainama. "Hiyo mashine inaweza kusema nani alikipoteza?"

"Hapana, muzee. Inasema gari tu."

Nikasema amina. Katika siku zote hizo, hiyo ndiyo ya kwanza kutoka moyoni.