Umegusa Nini, Mura?

Mwita, mura wangu,

Nimekaa kwenye stuli ya mama yako, hatua kama kumi kutoka ulipolala, karatasi nimeiweka juu ya goti. Mama yako yuko shambani. Jirani amesema atarudi saa tisa. Nimetoka Ikoma alfajiri kuja kumwambia jambo moja, na tangu nishuke Tarime nimeshatafuta sababu tatu za kugeuka. Ya kwanza ilikuwa mvua. Haijanyesha hata tone.

Ndiyo maana naandika. Nikiacha kuandika nitanyanyuka, na nikinyanyuka sijui miguu itaelekea wapi.

Siku ile ya mashindano uliniuliza swali mbele ya watu wote, nikakujibu uongo. Leo nina jibu lenyewe. Ila ngoja nikupe habari kwanza, maana wewe ulikuwa hupendi mtu akurukie tu na jambo kabla ya kusalimiana.

Kambi yetu ya uwindaji imepungua watu. Tangu isikike kuna mwamba mwingine wa dhahabu umepatikana, vijana wa Natta na Morotonga wamemalizika kabisa, wote wako mashimoni. Hata yule mpishi mchoyo aliyekuwa anatunyima ukoko ameacha sufuria jikoni akaenda kuponda mawe. Meneja siku hizi anaongea na wafanyakazi kwa upole, anasema "tafadhali". Ungecheka mpaka ukae chini.

Mabamba yetu ya shabaha bado yananing'inia. Yale matano uliyoyaleta mwenyewe kutoka kwenye karasha bovu, ile mashine ya kusagia mawe ya dhahabu, ukabishana na mwenye nayo hadi akachoka akakuambia chukua uende zako. Nayapaka rangi nyeupe kila Jumatatu. Lile la mwisho, la mita mia saba, sauti yake haijabadilika. Ukilipiga unahesabu moja, mbili, tatu, ndipo mlio unakufikia. Zamani ulihesabu wewe. Sasa nahesabu mwenyewe na nakosea.

Nimekaa nawaza tulivyokuwa. Mimi nimelala kifudifudi na bunduki, wewe nyuma yangu kwenye darubini ya miguu mitatu, unatafuna jani, unasoma upepo kwenye nyasi na kwenye joto linalocheza juu ya ardhi. Mimi kazi yangu ilikuwa kubana pumzi tu na kusikiliza. "Kulia alama moja." Nakaa kulia alama moja kwenye kioo cha bunduki, navuta, bamba linalia. Wageni wa uwindaji walikuwa wanadhani mimi ndiye hodari. Na mimi nikaanza kudhani hivyo hivyo, bwana wewe! Hapo ndipo ujinga wangu ulipoanzia.

Unaikumbuka ile siku, najua unaikumbuka. Tulizoea kupiga asubuhi, hewa ikiwa imetulia. Lakini wenzetu wa kambi ya jirani gari lao likachelewa, tukaanza jua likiwa utosini. Mabamba manne tukayagonga. Wao nao manne. Likabaki la mita mia saba, risasi moja kwa kila upande, na wao walikuwa wameshakosa.

Wewe ulikuwa umerudi asubuhi ile ile kutoka hapa nyumbani, kwenye sherehe ya kupokea mahari ya dada yako. Macho mekundu, vumbi hadi kwenye kope. Ukakaa nyuma ya miguu mitatu, ukasoma nyasi, ukasema, "Kulia alama mbili. Usiwe na haraka." Nikakaa kulia alama mbili. Nikavuta. Vumbi likaruka kulia kabisa ya bamba, zaidi ya mita nzima. Hata mwenye macho mabovu aliliona.

Nikaruka juu kama nimeumwa na siafu. "Mbili za nini? Mbili za nini, Mwita? Umenipoteza mbele ya watu!" Wewe hukupandisha sauti. Ulitoa jicho kwenye darubini, ukanitazama, ukaniuliza, "Umegusa nini, mura?"

Nikasema, "Sijagusa kitu!"

Kisha meneja akaniita pembeni. Akaniuliza kama mwenzangu yuko sawa. Haki ya Mungu sikusema umelewa. Nilisema hivi, na maneno ninayo mpaka leo: "Jana kulikuwa na sherehe kwao, bosi." Basi. Maneno ya kweli tupu, na yalikuchinja. Kesho yake ukawekwa kufungua na kufunga geti. Wiki ya pili ukafunga begi. Nilikuwa nimesimama palepale, ukaniambia, "Huko shimoni hakuna atakayeniuliza nimekunywa nini," ukapanda bodaboda kwenda Mugumu. Sikukuzuia. Nilikuwa bado nimenuna, mimi! Mimi ndiye nimenuna!

Mvua ya kwanza ikabomoa duara, lile shimo la dhahabu mliloshukia. Siku ya tatu wakakutoa.

Msibani mama yako alinishika mikono yote miwili. Akasema, "Mwanangu, ni pombe yangu. Hakutaka, nikamlazimisha kibuyu kimoja kwa ajili ya dada yake. Ikamfukuzisha kazi, ikampeleka shimoni." Kisha nikaona nyuma ya jiko mtungi wake mkubwa wa pombe ya ulezi, ameufudikiza chini kama wa nyumba iliyohamwa. Na baba yako mdogo akasimama mbele ya jeneza akawaonya vijana juu ya ulevi, akikutolea mfano. Nilikuwa nimekaa mstari wa mbele. Nikainamisha kichwa nikaitikia amina.

Kitu kibaya ni kwamba wakati ule nilikuwa nimeshaanza kuuamini uongo wangu mwenyewe. Nilijiambia labda kweli ulikuwa na mning'inio. Labda kichwa kilikuzunguka. Nililala usingizi mzuri tu, Mwita. Nakuambia ukweli.

Sasa sikia kilichotokea wiki iliyopita.

Meneja alileta skopu mbili kutoka Arusha, zile darubini za kufunga juu ya bunduki, tuzijaribu, tuchague moja, nyingine irudi. Mashindano ni Jumamosi hii. Moja ni nyepesi, kioo chake safi ajabu, unaona hadi kutu ya mnyororo wa bamba. Nyingine nzito, picha yake ya kawaida, na ukipunguza ukubwa mistari yake inakuwa myembamba kama unywele. Mimi nilikuwa nimeshachagua ile nyepesi kabla hata sijailalia. Meneja vilevile.

Alikuja nazo mwalimu wa shabaha aliyestaafu jeshini, mama wa Kihaya anaitwa Devota, mpole lakini akikutazama unajikuta umechomekea shati. Akasema, kabla ya kuchagua, njoo hapa. Mita mia moja mbele alikuwa amesimamisha ubao wenye mistari myeusi, kila sentimita kumi mstari. Akaniambia nitazame kwa ile nyepesi, picha ikiwa kubwa kabisa, ishirini. Alama moja ya ndani ya skopu ikaenea nafasi moja ya ubao. Sawasawa. Akasema, sasa zungusha pete uweke kumi.

Ile pete ya kukuzia picha, Mwita. Ile inayozunguka karibu na jicho.

Nikazungusha. Ubao ukawa mdogo, lakini alama za ndani zikabaki vilevile. Alama moja sasa ilienea nafasi mbili. Akaniuliza, "Umeona? Kwenye skopu ya namna hii, alama ni za kweli pete ikiwa mwisho tu. Ukiipunguza nusu, kila alama inahesabika mara mbili." Kisha akanipa ile nzito. Nikazungusha ishirini, kumi, ishirini, kumi. Alama zinakua na kupungua pamoja na picha. Moja inabaki moja.

Nikamwuliza, "Na hii yetu ya zamani?" Akasema, jaribu mwenyewe. Nikaenda kuichukua bunduki yetu, ile ile. Nikaweka ishirini: moja kwa moja. Nikaweka kumi.

Mbili.

Sikunyanyuka pale chini. Mwalimu Devota alidhani nimepatwa na kizunguzungu, akaniletea maji.

Nikabaki na siri kifuani siku nzima, maana sasa nilikuwa najua ni skopu ipi. Ile nzito. Na meneja lazima angeuliza kwa nini naiacha nzuri nachukua hii, na sababu nilikuwa nayo moja tu. Ningeweza kumwambia napenda uzito wake. Nililifanyia mazoezi jibu hilo njiani nikienda ofisini kwake, nakuapia, nililisema kwa sauti mara mbili.

Akauliza. "Kwa nini hii?" Nikafungua mdomo kusema nimeipenda, nikasema, "Kwa sababu ya Mwita." Na ikatoka yote, hadi ile sherehe. Alizungusha kalamu mezani. Mwisho akasema, "Kwa hiyo nilimwonea." Nikasema hapana bosi, ni mimi. Akasema, "Wote wawili." Kisha akaniambia Jumamosi sipigi. Bunduki atalalia mtu mwingine. Mimi nitakaa kwenye miguu mitatu.

Nasikia mtu anakohoa kule kwenye migomba. Ni yeye. Mwita, ni mama yako anakuja.

*

Saa kumi na moja na nusu sasa. Nimerudi hapa kwako.

Alikuja na furushi la majani ya ng'ombe kichwani. Nikampokea. "Shikamoo mama." "Marahaba, mwanangu. Umekula?" Nilikuwa nimejiandaa kwa lolote, lakini si kwa hilo. Machozi yakanitoka kabla sijasema neno, naye akadhani nakulilia wewe tu, akaanza kunibembeleza. Ndipo nikamwambia asinishike. Nikamwambia asikilize kwanza.

Nilimweleza kwa vijiti. Nilichora chini, nikamwonyesha alama inavyokuwa mbili. Sijui kama aliielewa skopu, ila alielewa. Aliuliza kitu kimoja: "Kibuyu changu?" Nikamwambia kibuyu chako hakikufanya kitu, mama. Mwita alisema sahihi. Aliyekosea ni mimi, na nikakaa kimya hadi mmemzika kwa jina la mlevi.

Alikaa. Nilisubiri anipige. Niliomba anipige, ningeshukuru. Akaniambia, "Sema tena." Nikarudia. Akatikisa kichwa. "Si hapa ndani. Mimi mwanangu nilimjua. Walioambiwa ile habari nyingine wako huko nje."

Akanishika mkono wa shati kama mwizi, akanitoa uani, akaanza kuita. Unaijua sauti ya mama yako. Wakaja wa nyumba za karibu, wengine na majembe yao, na baba yako mdogo akaja amevaa ile kofia yake. Nikasimama katikati. Nikasema kwa Kikurya, kwa sauti ya kufika barabarani, kwamba Mwita hakuwa amelewa siku ile, kwamba kosa lilikuwa langu, na kwamba nilijua neno nililomwambia meneja lilikuwa linafanya nini. Kuna kijana alitukana. Mwanamke mmoja akatema mate chini karibu na kiatu changu. Sikusogea. Baba yako mdogo alivua kofia akaishika muda mrefu, kisha akaja hapa kwako, akasimama, midomo inacheza. Alichokuambia unakijua wewe.

Watu walipotawanyika mama yako alienda nyuma ya jiko. Nikamfuata kwa mbali maana sikujua kama naruhusiwa. Akauinua mtungi akaugeuza mdomo juu. Ndani kulikuwa na utando wa buibui na kiota cha panya. Akasema neno moja tu, bila kunitazama: "Maji." Nikachukua ndoo nikaenda kuchota. Tumeuosha pamoja. Hajaniambia kama amenisamehe, na sikuthubutu kumwuliza. Nilipoaga amenifungia viazi vitamu kwenye jani la mgomba, nami sijui vina maana gani. Labda ni viazi tu.

Jua linashuka, lazima niwahi gari la Mugumu. Barua hii nitaifukia hapa kichwani pako, chini ya lile jiwe bapa. Kwa kuandika ulikuwa mvivu, lakini kwa kusoma hukuwa na mwisho.

Nakuahidi hivi. Jumamosi nitakaa mahali pako, nyuma ya miguu mitatu, na jani mdomoni. Yeyote atakayelala chini na bunduki, kabla sijampa alama hata moja, nitamwuliza ulichoniuliza wewe. Akinijibu kwa hasira nitamwuliza tena. Na kila mwaka mtungi ule ukipikiwa pombe nitakuja kuteka maji, kama mama yako ataniruhusu kuingia uani.

Lala, mura. Ulisubiri vya kutosha.

Niligusa pete. Picha ilikuwa inacheza kwa joto, nikaitoa ishirini nikaiweka kumi, na sikukuambia.