Ramani ya Kwenye Pipa

Jumatatu, 3 Machi
Zege siku nzima. Mgongo umekata tamaa. Lakini leo nimeokota tena! Kwenye pipa la taka la ofisi ya saiti: ramani ya jengo letu hilihili, ina doa la chai, imechanika pembeni. Pipa hilo ndilo maktaba yangu — halina ada wala viboko. Ramani nimeificha chini ya godoro.

Alhamisi, 6 Machi
Binti yangu kapiga simu kutoka nyumbani. Yuko darasa la sita, mimi niliishia la nne, basi mwalimu ni yeye. Kanieleza ile “moja kwa hamsini” iliyoandikwa kwenye ramani: sentimita moja kwenye karatasi ni hamsini ardhini. Kanipa na zoezi, nipime chumba tunamolala vibarua, nikichore. “Na usinakili kwa jirani, baba.” Haya, mwalimu.

Jumapili, 9 Machi
Nimepima, nimechora. Fundi nondo, ninayelala naye chumba kimoja, kaona mchoro, kang'aka: mbona kitanda chake kifupi kuliko changu? Nikamwambia nimekosea, vitanda vyote sawa. Kachukua futi ya kamba, kapima mwenyewe. Kweli changu kimezidi sentimita kumi! Sasa mimi ni Profesa, na yeye anataka tubadilishane. Elimu ina hasara zake.

Jumanne, 11 Machi
Fomani, msimamizi wetu, kafunga kamba za kuonyesha kuta zitakapopita. Choo kakiweka kulia ukiingia. Kwenye ramani yangu kiko kushoto!
Huenda yangu ni ya zamani, ndiyo maana ikatupwa. Lakini chemba ya maji machafu tumeichimba kushoto, kwa jasho langu mwenyewe. Na fomani hutumia ile karatasi nyepesi inayopitisha mwanga, akijisifu kuwa maandishi hayamhusu, yeye husoma mistari tu. Je, kama ameishika upande wa nyuma, kulia na kushoto vikabadilishana?
Kesho tunamwaga zege. Likishakauka, kurekebisha ni kwa nyundo tu. Na aliyembishia fomani mwezi uliopita alifungashwa virago siku ileile.
Nimempigia mwalimu. Kasema ukiona kosa ubaoni, nyoosha mkono. Rahisi hivyo!

Jumatano, 12 Machi
Saa nne asubuhi. Naandikia juu ya mfuko wa saruji. Lori la zege limefika, linanguruma.
Nilinyoosha mkono. Mbele ya watu wote, mtu mzima na mvi zangu! Fomani akauliza, “Vipi, Profesa, unataka kwenda chooni?” Wakacheka mpaka dereva akachungulia.
Nikasema hapana, mzee, naulizia choo chenyewe. Mbona chemba iko upande wa pili?
Kicheko kikakatika. Fomani kanitazama kuanzia buti mpaka kofia. Kasema asiguse mtu koleo, kaingia ofisini. Fundi nondo kaninong'oneza: nikifukuzwa, kitanda si atakichukua yeye?
Anatoka. Hanitazami. Kasimama juani, kaiinua karatasi mbele ya uso. Kaigeuza. Kaitazama chemba. Kaigeuza tena, kaikunja, kaanza kufungua kamba za choo —