Pijo la Baba Limepanda Kanisani

Jumamosi, jioni. Gitting.

Manyunyu tangu asubuhi, na mlima Hanang umejifunika wingu hadi kiunoni. Baridi hii haisikii blanketi wala chai.

Leo tumemzika Baba.

Nimeandika sentensi hiyo na bado siiamini.

Mnaosoma hapa mnaujua ugonjwa wangu. Nikiona stesheni wagoni pale Babati ninapofanya kazi, lazima shingo igeuke. Wenzangu wanatamani magari yaliyoinuka, yenye vioo vyeusi. Mimi natamani lile refu la chini, lenye buti la kulaza gunia, mbuzi na mtoto aliyesinzia, wote safari moja. Ugonjwa wenyewe nimeurithi. Baba alinunua Pijo lake jeupe mwaka ambao ngano ilikubali. Majirani waliongeza ng'ombe, yeye akarudi na gari, na bibi akamuuliza litazaa lini.

Buti lilikuwa kiti chetu, mimi na mdogo wangu Emanueli. Tulikaa juu ya magunia ya maharage tukitazama nyuma, tunaona vumbi, mbwa wanaotufukuza, na mlima. Tulikotoka nilikuwa nakuona vizuri sana. Tunakokwenda alikuwa anakujua Baba.

Na hatukuwa tunafika. Baba hakuweza kumpita mtu mzima barabarani. Alisimamisha gari, akazima injini kabisa, akashusha kioo na kusema shikamoo, kisha akauliza habari za watoto, za ng'ombe na za mvua. Nasi kule nyuma tulitoa vichwa tukaamkia. Alisema ukimrushia mzee vumbi umemtukana, hata kama umempigia honi. Mama alikuwa anakuja na sweta lake la kufuma, akisema litaisha kabla hatujaona nyumbani.

Mama naye alipofariki tulimpeleka kanisani na Pijo, wakati huo bado linawaka. Baada yake injini ilikufa, Baba akaliegesha kando ya zizi, na kuku wakahamia.

Alipozidiwa, mwezi uliopita, alinishika mkono. "Mimi pia mnipeleke na Pijo, mwanangu. Kama mama yenu."

Nikasema sawa, Baba. Ungesema nini wewe?

Jana Emanueli alikuwa ameshaagiza pikapu kutoka Katesh. Nilipomweleza ahadi yangu alinitazama kwa huruma. "Dada, lile ni banda la kuku. Watu watatucheka." Ni banda la kuku kweli. Nilitoka nje nikaenda kulia nyuma ya zizi, mkono wangu juu ya bodi lenye kutu. Nililia kwa ajili ya Baba, na nililia kwa hasira, kwamba kitu kimoja alichoniomba kitanishinda.

Mzee Tluway, jirani yetu, alinikuta hapo. Nikamwamkia, nikamweleza.

Akalizunguka gari, akapiga tairi teke. "Mke wangu alijifungulia humu, tukiwa njiani kwenda hospitali. Baba yako akasimama, akashuka, akatugeuzia mgongo mpaka mtoto akalia." Akanigeukia. "Maksai wangu wanavuta plau kutwa. Hili litawashinda?"

Basi asubuhi vijana wametoa kuku, wamesugua, wamejaza matairi kwa pampu ya baiskeli. Mzee Tluway amefunga nira na mnyororo. Emanueli hakuambiwa na mtu. Amefungua mlango, amekaa kwenye usukani wa Baba, na mabega yake yameanza kutikisika. Breki hakuna. Bahati kanisa liko juu.

Jeneza lilizidi buti, ikabidi mlango wa nyuma ufungwe kwa kamba ukiwa wazi. Nikakaa pembeni yake, miguu inaning'inia, natazama nyuma kama zamani. Watu walitufuata kwa miguu wakiimba. Hakuna aliyecheka.

Maksai wanakwenda taratibu, hata tope hawamrushii mtu. Baba angependa.

Wazee wasioweza kupanda hadi kanisani walikuwa wametoka kwenye malango yao. Kila lango, Mzee Tluway aliwasimamisha maksai. Sikumwomba. Wazee wakavua kofia, tukaendelea.

Kwenye lango la mwisho alikuwa Bibi Fausta, mkubwa kuliko wote, macho yake yamekwisha. Miaka yote Baba hakuwahi kupita hapo bila kumwamkia. Maksai wakasimama, nyimbo zikasimama. Bibi ameegemea mkongojo, sikio amelielekeza garini. Anangoja.

Nikaelewa anangoja nini.

Nikatoa kichwa nje ya buti. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba," akasema. Akausogeza mkono hewani mpaka ukalipata jeneza, ukatulia hapo. "Mwambie nimeitikia."

Kesho Emanueli anasafiri kurudi kazini, kuku wanarudi garini, na mimi ninapanda basi la Babati. Nitaomba kiti cha nyuma kabisa. Kaburini nilikuwa na nafasi ya kumfikishia Baba salamu hizo, udongo mkononi, na sauti haikutoka.

Baba, bibi ameitikia.