Lusajo Anapotupa Mikono

Atupele mwanangu,

Ugonile, umeamkaje? Mimi nimeamka, miguu tu ndiyo hii hii. Anayeandika ni mdogo wako Tumpe, si unajua mama yako kalamu haijui. Nimemwambia andika ninavyosema, usininyooshee maneno. Ananicheka hapa.

Mvua huku Iyunga imenyesha mpaka viazi vimeoza, vile vya bondeni, vya kule juu afadhali. Lakini siyo habari niliyotaka kukupa. Ni ya mwanao Lusajo. Ulimzaa ukaondoka, hata kitovu hakijadondoka, basi yupo kwangu, anakunywa maziwa ya kopo. Ukimgusa shavu anageuza kichwa mdomo wazi, anatafuta ziwa. Hata kwangu anatafuta! Namwambia, baba, hapa palifungwa zamani. Ukimpa kidole anakibana, hakuachii.

Shida ikawa kushtuka. Ukimlaza tu, au lori likipiga honi barabarani, anatupa mikono yote miwili, vidole wazi, halafu anaikusanya kifuani hivi, kama mtu anakumbatia mtu. Halafu kilio.

Mama mkwe wako alikuja kutoka Iringa kumwona mjukuu, akaliona hilo. Unamjua, kanisani kwao Lutheri anakaa benchi la mbele, lakini aliweka kikombe chini akasema, "Mkwe, huyu mtoto anaitwa. Anamkumbatia mama yake." Kwao, anasema, mtoto wa hivyo anapelekwa kaburini, anavushwa juu yake toka mikono ya huyu kwenda ya yule, ili marehemu amwachie. Na wewe tumekuzika kwao. Basi akataka aondoke naye. Mtoto laini vile, na baridi hii! "Nitamrudisha," anasema, huku anafungasha mpaka nepi zote. Nikajua huyu akifika Iringa sitamwona tena.

Siku hiyo mtoto akashtuka, mkwe akasimama katikati ya chumba: "Atupele! Tuachie mtoto, we mama!" Mimi niliona wivu, mwanangu. Kama unaingia humu ndani, mbona mimi hunishtui? Ikawa kila akitupa mikono naangalia juu pale anapoangalia yeye. Nasema polepole, karibu mama.

Nikamwomba mkwe kabla ya safari tupite kliniki, mtoto apimwe uzito. Tukaenda. Nesi akambeba chali, kichwa kwenye kiganja, akakishusha kiganja kidogo tu. Lusajo huyo, mikono juu! Mkwe akanifinya: "Umeona?" Nikamweleza nesi yote, mpaka ya kaburi. Hakucheka. Akasema wachanga wote wanazaliwa na hiyo, kama ile ya kubana kidole na ya kutafuta ziwa. Akihisi anaanguka, mwili unajishika wenyewe. Mkono mmoja ungebaki chini, hapo ndiyo yeye nesi angeogopa. Akikua kidogo inaisha yenyewe.

Mkwe akabisha. Basi nesi akaomba mtoto wa binti mmoja pale benchini, binti mnene, anatafuna muhogo. Akafanya vile vile. Na yule naye mikono juu, vidole wazi, akakumbatia hewa. Na mama yake yupo pale, mzima, shavu limejaa muhogo.

Mkwe akasema kwa sauti, watu wakageuka, "Basi Atupele, nimekusingizia." Akarudi Iringa peke yake, nepi akaziacha. Nilipaswa kufurahi. Na nilifurahi, mtoto nimebaki naye. Lakini nilipofika nyumbani nilienda nyuma kwenye mabua nikalia, hata siku ya msiba sikulia hivyo. Maana kumbe hukuwepo. Pale juu palikuwa na bati tu.

Tumpe, usilie, andika.

Siku hizi hashtuki sana. Nesi alisema kweli, inaondoka. Juzi nimemlaza, nikasubiri, mikono ikatulia tu. Nikambeba nikamlaza tena. Imetulia.

Sasa nenda, mama. Sitakutafuta tena juu. Akianza kuuliza, nitamtajia jina lako, nitamwambia ulivyokuwa mbishi, na ulivyocheka ukiziba mdomo. Na akishajua kutembea nitamleta Iringa mwenyewe, tukupalilie majani, tukae hapo na mkwe, halafu nirudi naye.

Kwaheri, mwanangu. Huku akianguka, mikono yangu ipo.

Mama yako.